Nilivyojifunza Nadharia ya Bharatanatyamu Baada ya Kuanguka Mtihani

Mwezi Mei 2016, katika mtihani wa Bharatanatyamu, ngoma ya asili ya kusini mwa India, ndani ya chumba chenye feni moja ya darini na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, mtahini wa makamo aliyevaa sari ya pamba aliniomba nimwonyeshe tala, yaani mzunguko wa mapigo unaohesabiwa kwa mkono, iitwayo misra jati jhampa. Hesabu yake nilikuwa nayo kichwani barabara: mapigo saba, kisha moja, kisha mawili, jumla kumi. Nikamtajia bila kusita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Sikukuuliza ni mapigo mangapi, binti. Nimekuomba unionyeshe." Mkono wangu wa kulia ukapiga paja mara moja, ukahesabu kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada na gumba, halafu ukakwama hewani, kwa maana tangu nianze kujifunza haukuwahi kuvuka hapo. Nilijaribu mara ya pili, ukakwama palepale. Mtahini aliandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikahisi jasho likinitiririka mgongoni ingawa feni ilikuwa ikizunguka.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata alama 72 katika kucheza na 31 katika nadharia, na kwa utaratibu wa mtihani ule anayeanguka upande mmoja ameanguka kote. Nililia siku mbili. Ninaandika haya kwa ajili ya kijana yeyote wa kwetu anayejifunza ngoma hii, awe Chennai, kusini mwa India, kama nilivyokuwa mimi, au Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ambako jamii za Kihindi zinazo madarasa yake, ili asipoteze mwaka mzima kwa makosa ambayo mtu angeweza kunionya kwa jioni moja tu.

Nilifika Chennai mwezi Julai 2014 kutoka Tanga, kusomea shahada ya biashara. Ngoma haikuwamo katika mipango yangu. Jioni moja nilikuwa nikipita Mylapore, mtaa wa kale uliozunguka hekalu la Kapaleeshwarar, nikasikia kutoka uani mwa nyumba moja kijiti kikigonga ubao na sauti ya mwanamke ikitamka silabi nisizozielewa, na chini ya sauti hiyo vishindo vya miguu mitupu, vyote kwa pamoja, kama mtu mmoja mwenye miguu arobaini. Nilisimama pale mpaka darasa likaisha. Mwezi Novemba nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake, mwenye umri wa miaka ishirini katikati ya watoto wa miaka minane na tisa, nikimwita mwalimu wangu Akka kama walivyomwita wote, yaani dada mkubwa kwa Kitamil.

Ada ilikuwa rupia 1,500 kwa mwezi, na sari fupi ya mazoezi ilinigharimu rupia 650. Njuga sikununua mapema, kwa kuwa Akka hakumruhusu mtu kuzivaa kabla miguu yake haijatulia. Palikuwa pia na darasa la nadharia kila Jumapili asubuhi, kwa rupia 500 zaidi kwa mwezi, na hilo ndilo nililolikataa. Nilijiambia kwamba nadharia ni mambo ya kusoma, na mimi kusoma najua; ningenunua daftari, ningenakili kwa wenzangu, ningekariri wiki chache kabla ya mtihani kama nilivyozoea kufanya kwa somo la uhasibu. Kwa miezi kumi na minane niliokoa rupia 9,000. Baadaye nililipa rupia 2,500 za kurudia mtihani na rupia 800 kwa mwezi za kufundishwa peke yangu kwa miezi saba, kwa hiyo karibu zote zilitoka, na muda haukurudi.

Kosa lile lilikuwa na mizizi mirefu kuliko fedha. Katika Bharatanatyamu nadharia haikutungwa iwe kando ya ngoma. Maandiko yake makuu, Natya Shastra linalonasibishwa na mwenye hekima Bharata na ambalo wataalamu huliweka kati ya takriban mwaka 200 kabla ya Kristo na 200 baada yake, na Abhinaya Darpana la Nandikeshvara lililofuata baadaye, yametungwa kwa sehemu kubwa kwa beti za Kisanskriti zinazoghanwa. Beti inapotajwa, mkono unafanya. Aliyezitunga hakutarajia msomaji aketi mezani na kalamu. Alitarajia mtu asimame na kufanya huku akitamka. Nilipozifungia kwenye daftari nilikuwa nimezitoa mahali pake.

Tena daftari lenyewe halikuwa salama. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini huko Saidapet, karibu na mto Adyar, na mafuriko makubwa ya mwanzoni mwa Desemba 2015 yalipoingia mitaani, maji yalifika juu ya godoro langu. Mimi nilikuwa nimepewa hifadhi ghorofani kwa mwenye nyumba. Niliporudi, madaftari yangu yalikuwa yamekuwa uji wa karatasi wenye wino wa buluu. Rafiki yangu wa darasani alinipa yake ninakili, na hapo nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu katika orodha yake ya mikono ishirini na minane, yaani maumbo ya mkono yenye majina, palikuwa na ishirini na sita tu. Naye alikuwa amenakili kwa mwingine. Shukatunda, mkono unaofanana na mdomo wa kasuku, haukuwamo, wala samdamsha, ambao vidole hufunguka na kufumba kama koleo. Nilikariri ishirini na sita kwa uaminifu mkubwa na kuwaandikia watahini kwamba ni ishirini na minane. Ukipewa maandishi ya mtu, yahesabu kwanza, kisha mletee mwalimu ayapitie.

Mikono hiyo huitwa hasta, na ndiyo mahali ambapo wanafunzi wengi huanzia. Iko ya mkono mmoja, asamyuta, na ya mikono miwili iliyoungana, samyuta. Abhinaya Darpana linataja asamyuta 28, zikianzia na pataka, tripataka, ardhapataka, kartarimukha na mayura. Natya Shastra linataja 24, na samyuta 13. Mtahini anapouliza "hasta ni ngapi," swali lake halina jibu moja mpaka ujue anaulizia andiko gani, nami niliulizwa kuhusu Natya Shastra nikajibu 28. Tangu hapo najizoeza kutotaja idadi yoyote bila kutaja andiko. Vichwa navyo ni hivyo hivyo: miondoko ya kichwa ni 9 katika Abhinaya Darpana na 13 katika Natya Shastra. Anayechanganya maandiko haya mawili huonekana hajui lolote hata kama amekariri yote mawili.

Baada ya majina huja matumizi, yanayoitwa viniyoga, na hapa ndipo nilipokuwa nimepotea zaidi. Pataka ni mkono ulionyooka, vidole vinne vimeshikana na gumba limekunjwa kidogo. Beti ya matumizi yake huanza kwa neno la mwanzo wa ngoma, kisha mawingu, msitu, kukataza kitu, kifua, usiku, mto, na kuendelea. Nilikuwa nimeikariri kama orodha ya vitu vya kununua sokoni. Nilipokwenda kwa Akka baada ya kuanguka, nikaanza kumghania nikiwa nimeketi na mikono yangu imelala mapajani, alinizuia kabla sijafika msituni. Akasema, "Neno lisitoke mkono ukiwa umelala." Akanisimamisha, akaniambia nifunge mdomo na nionyeshe mawingu, kisha usiku, kisha mto, kwa pataka ileile.

Sikuweza, kwa kuwa sikuwa nimewahi kujiuliza mkono mmoja usiobadilika umbo unawezaje kuwa vitu vitatu. Akka akaniongoza polepole. Kwa mawingu, mikono miwili ilipanda juu ya kichwa, viganja vikitazama juu, ikapita taratibu na macho yakiifuata kana kwamba mvua iko karibu. Kwa mto, mkono ulishuka mpaka kiunoni, kiganja kikatazama chini, ukatiririka kuelekea upande huku kifundo kikipanda na kushuka. Kwa usiku, viganja viwili vilipishana mbele ya uso na mwanga ukaonekana kuzimika, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Chennai lilikuwa limejaa uani. Umbo ni lilelile. Kinachobadilika ni mahali mkono ulipo, uelekeo wa kiganja, mwendo wake na jicho linaloufuata. Baada ya asubuhi ile beti yote niliishika kwa siku mbili, na mpaka leo sijaisahau, kwa sababu kila neno lake lina mahali pake mwilini mwangu.

Iko beti fupi ambayo kila mwanafunzi wa ngoma za asili za Kihindi huifahamu, isemayo kwamba uendapo mkono ndipo liendapo jicho, liendapo jicho ndipo uendapo moyo, uendapo moyo ndipo ilipo hisia, na ilipo hisia ndipo ladha huzaliwa. Nilikuwa nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na sikuwa nimeitekeleza hata siku moja.

Matamshi yalinisumbua kwa namna yake, na hapa nawasemea hasa wasemaji wa Kiswahili. Sisi tumezoea kutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hatutofautishi irabu fupi na ndefu kama Kisanskriti kinavyotofautisha. Neno bhava lenye irabu fupi mwanzoni na lile lenye irabu ndefu ni maneno mawili, na ni hilo la pili ndilo linalomaanisha hali ya moyo inayozungumzwa katika ngoma. Maandishi ya herufi za Kilatini yasiyo na alama za urefu hayakuambii tofauti hiyo. Nilinunua redio ndogo ya kurekodi? La, simu ilitosha: nilimwomba Akka aghani kila beti mara tatu polepole, nikaisikiliza kwenye basi kutoka Saidapet hadi Mylapore mpaka ikawa yangu. Jifunze beti kwa sikio kwanza, karatasi ije nyuma. Ukianza na karatasi utakariri makosa yako mwenyewe, na kosa lililokaririwa ni gumu kuling'oa.

Tala ndiyo iliyoniangusha, kwa hiyo nitakaa nayo. Tala ni mzunguko wa mapigo unaoshikiliwa kwa mkono, na katika muziki wa Karnataki, ule wa asili wa kusini mwa India unaoongoza Bharatanatyamu, mzunguko huo hujengwa hasa kwa viungo vitatu. Anudrutamu ni pigo moja la kiganja. Drutamu ni mapigo mawili, yaani kupiga kiganja kisha kugeuza mkono. Laghu ni kupiga kiganja kisha kuhesabu vidole kuanzia kidole cha mwisho, na urefu wake hubadilika kulingana na jati: tisra ni 3, chatusra 4, khanda 5, misra 7 na sankirna 9. Ziko tala saba za msingi, nazo ni dhruva, matya, rupaka, jhampa, triputa, ata na eka. Kila moja ikichukua jati tano, zinapatikana 35.

Mimi nilikuwa nimekariri jedwali lote la 35. Usifanye hivyo. Shika maumbo saba na namba tano, basi, kisha acha mkono ujenge. Ata ni laghu mbili na drutamu mbili. Ukipewa khanda jati utapiga 5 na 5 na 2 na 2, jumla 14, na ukipewa chatusra utapiga 4 na 4 na 2 na 2, jumla 12, bila kukumbuka jedwali lolote. Jhampa ni laghu, anudrutamu na drutamu. Kwa misra jati laghu ina mapigo saba: kiganja, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada, gumba, halafu, na hapa ndipo mkono wangu ulipokwama mbele ya mtahini, unarudi tena kwenye kidole cha mwisho. Vidole ni vitano na mapigo yanayobaki baada ya kiganja ni sita. Jambo dogo kama hilo haliandikwi kwenye jedwali, na mkono usiolifanya hauwezi kulibuni siku ya mtihani.

Kilichonifungulia mlango wa tala hakikutoka Chennai. Tala inayotumika zaidi ni adi, ambayo ni triputa ya chatusra jati: laghu ya mapigo 4 na drutamu mbili, jumla 8. Usiku mmoja nikiwa nimekata tamaa, nikapiga adi kwenye paja huku nikiwaza nyumbani, na mdomo ukatoa kipande cha utenzi nilichokitunga papo hapo: "Naingia darasani." Mizani nane. "Na-i-ngi-a" ikakaa ndani ya laghu, "da-ra" ikakaa ndani ya drutamu ya kwanza na "sa-ni" ndani ya ya pili, kana kwamba zilipangwa tangu zamani. Babu yangu alikuwa mtu wa tenzi, na nimekua nikisikia mizani zikihesabiwa barazani kwa vidole. Nilikuwa na chombo mkononi muda wote huo, nikidhani naanza somo nisilo na lolote la kulisimamishia. Kesho yake nilimwonyesha Akka. Hakucheka, aliniomba nirudie, kisha akanipigia kijiti nikighani kwa Kiswahili katika kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja maradufu ya iliyotangulia, na mkono ukibaki pale pale kwa mwendo ule ule.

Tangu siku hiyo nilitunga kipande cha Kiswahili kwa kila jati, kando ya silabi ambazo wanafunzi wote huzitumia: ta-ki-ta kwa tatu, ta-ka-dhi-mi kwa nne, ta-ka-ta-ki-ta kwa tano, ta-ki-ta-ta-ka-dhi-mi kwa saba, ta-ka-dhi-mi-ta-ka-ta-ki-ta kwa tisa. Nilipiga tala nikisubiri basi, nikichemsha wali, nikiwa foleni. Dakika kumi zilizotawanyika mchana kutwa zilinifaa kuliko saa nzima usiku na daftari. Na kipimo kizuri cha kujua kama tala imeingia ni kuzungumza na mtu huku mkono unaendelea. Ukipotea unapojibu salamu, bado.

Kuhusu rasa na bhava nilikuwa na maelezo mazuri ya kukariri na sikuwa na mfano hata mmoja. Bhava ni hali ya moyo. Rasa ni ladha ambayo hali hiyo huiamsha kwa mtazamaji. Natya Shastra linataja rasa 8, yaani mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, karaha na mshangao. Ya tisa, shanta, utulivu, ilikuja kukubalika baadaye, na mwanafalsafa Abhinavagupta wa Kashmir alikuwa mtetezi wake mkubwa. Kila moja kati ya zile nane ina hali ya kudumu iliyo msingi wake, na pembeni ziko hali za kupita 33 na hali 8 ambazo mwili huzionyesha wenyewe: kuganda, kutoka jasho, kusimama vinyweleo, kukwama kwa sauti, kutetemeka, kubadilika rangi, machozi na kuzirai. Jumla ni 49. Andiko lenyewe hufafanua rasa kwa mfano wa chakula, kwamba viungo mbalimbali vikichanganyika huzaliwa ladha ambayo mlaji huifurahia. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Anayekula pilau hasemi anakula bizari, wala mdalasini, wala hiliki. Anasema pilau imekolea. Bizari zipo, na bila hizo pilau haipo, lakini kinachofika kwake ni kitu kimoja.

Mtahini alikuwa ameniuliza nitaje hali ya kudumu katika kipande nilichokuwa nimekicheza dakika ishirini zilizopita. Nilimjibu kwa fasili. Alitaka nimwambie kwamba mwanamke yule wa kwenye wimbo anampenda bwana wake, kwamba upendo ndiyo hali ya kudumu, kwamba mwezi na upepo wa usiku ndivyo vinavyouchochea, kwamba wivu na wasiwasi vinapita tu juu yake kama mawimbi, na kwamba machozi yaliyonilenga pale katikati yalikuwa moja ya zile nane. Nilikuwa nimeyafanya yote hayo kwa mwili, vizuri kiasi cha kupata 72, bila kujua majina yake. Siku hizi nikijifunza kipande kipya chochote, nachora ukurasa mmoja: hali ya kudumu, vichocheo, dalili, hali za kupita, na mstari wa wimbo ambamo kila moja hutokea. Kazi hiyo huchukua saa moja, na ndiyo inayobadilisha kucheza kwenyewe.

Sehemu ya historia nilifaulu, lakini kwa jibu ambalo leo ningelirekebisha. Niliandika hadithi ya mungu Brahma kuchukua maneno kutoka Rigveda, wimbo kutoka Samaveda, uigizaji kutoka Yajurveda na rasa kutoka Atharvaveda, akaunda Veda ya tano juu ya hayo maandiko manne matakatifu ya Kihindu. Hiyo ni simulizi ya andiko lenyewe, na lazima uijue. Lakini ngoma tunayoicheza ilipita mikononi mwa watu. Ilikuwa ikiitwa sadir, ikichezwa na devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, na kufundishwa na walimu wa kiume waliopiga matuazi. Ndugu wanne wa Tanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandamu na Vadivelu, waliupanga katika karne ya 19 mfuatano wa onyesho ambao bado tunaufuata, kuanzia alaripu, kipande cha kufungulia, hadi tilana, cha kufungia. Kisha kampeni dhidi ya desturi ya devadasi zikaishia kwenye sheria ya Madras ya mwaka 1947 iliyopiga marufuku kuwaweka wakfu, na katika miaka hiyohiyo wasomi wa mjini wakaipokea ngoma hiyo kwa jina jipya. Rukmini Devi Arundale alianzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936. Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wasanii hao wa kale, aliendelea kuicheza kwa namna ya kwao mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Mwanafunzi anayeruka wanawake hao, akatoka kwa Brahma na kutua mwaka 1936, amewanyang'anya haki yao waliouhifadhi mwendo anaoucheza. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nilifanya hivyo na nikapewa alama.

Kuna swali ambalo vijana wa Kiislamu huniuliza faraghani, nami ni Mwislamu. Beti nyingi za kufungulia ni za sifa kwa mungu Shiva, na darasa huanza na namaskaramu, ambapo mchezaji hugusa ardhi kuiomba radhi kwa kuikanyaga. Mimi nilizungumza na Akka kabla ya kulipa ada ya kwanza, nikamweleza ninachoweza na nisichoweza. Alikubali nijifunze beti kama somo, nizielewe na kuzieleza, na kwa ardhi niiname kwa heshima ya ardhi tu. Mwalimu mwingine angeweza kukataa, na angekuwa na haki. Zungumza mapema na kwa adabu. Jambo hili likiachwa hadi siku ya onyesho huumiza pande zote mbili, na mama yangu kwa simu kutoka Tanga aliridhika zaidi na uwazi huo kuliko na ahadi zangu.

Nilirudia mtihani mwezi Desemba 2016. Nilikuwa nimekwenda kwa Akka mara tatu kwa wiki, saa moja kila mara, na kati ya saa hizo sidhani kama tuliketi hata robo. Mtahini alikuwa mwingine. Aliniomba tala ya khanda jati ata, nikampigia mizunguko mitatu. Kisha akaniuliza hasta za kuonyesha usiku, nikasimama na kumwonyesha kabla sijataja neno. Nilipata 78. Kwa Akka nilipeleka maua ya asumini na sari, naye akanirudishia daftari langu jipya akiwa ameandika ukurasa wa kwanza majina ya nayika wanane, wanawake wanane wa mapenzi, kuanzia anayejipamba akimsubiri mpenzi hadi anayetoka usiku kumfuata, ili nianze ngazi inayofuata.

Kabla sijarudi nyumbani mwaka 2017 nilipanda treni hadi Chidambaram, kusini mwa Chennai, kwa kuwa Akka alisema kuondoka bila kufika kule ni kuondoka njiani. Ndani ya malango marefu ya hekalu la Nataraja, yaani Shiva akicheza ngoma, zimechongwa karana, mikao 108 ya ngoma iliyoelezwa katika Natya Shastra, na chini ya sanamu katika baadhi ya malango hayo zimechongwa beti zenyewe. Herufi zake sikuweza kuzisoma. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini aliona nikihangaika, akaja, akaweka kidole chini ya sanamu moja na kunisomea maneno ya kwanza. Niliyatambua. Ni talapushpaputa, karana ya kwanza: mikono imeungana kama bakuli la maua upande wa kushoto, mguu umesimama kwa ncha, ubavu umeinama. Nikaweka mkoba chini, nikaunganisha mikono, nikainamisha ubavu. Mzee akaitazama sanamu, akanitazama, akausogeza mkono wangu wa kushoto juu kidogo, kisha akaendelea kusoma.